Saa Sita za Jumatano

Paskazia hakuwa na maringo, jamani. Alikuwa amechoka tu. Watu wa mtaa wa Lipangalala walimwona anapita na ndoo yake bila kusimama kuulizana habari, wakasema mke wa Teofili siku hizi anajisikia. Ajisikie kwa lipi? Mwaka wa tatu huo mumewe alikuwa kitandani, upande wa kulia umepooza wote, na kinywani limebaki neno moja: haya. Una njaa, baba? Haya. Umelowa? Haya. Mtu aliyekuwa akiendesha trekta huku anaimba mpaka watoto wanamkimbilia barabarani, sasa akitemewa mate na mdomo wake mwenyewe hawezi kuyafuta. Ukimwacha chali kwa muda, anapaliwa. Mtoto wao wa pekee, Raimundi, alikuwa kibarua Mngeta na alionekana Pasaka hadi Pasaka. Kugeuza, kuogesha, kulisha, kufua, yote ya Paskazia.

Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka tisini na sita, Sista Merina wa parokiani alipoleta mpango wa mama zamu, Paskazia alilia mbele za watu bila aibu. Mpango wenyewe haukuwa na mambo mengi. Mwanamke aliyejitolea atakuja mara moja kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, akae na mgonjwa, mwenye kuuguza apumue. Sharti lilikuwa moja: mwenye mgonjwa wake nyumbani asijiandikishe. "Huyo naye ni wa kupokewa zamu, si wa kupokea," alisema Sista.

Paskazia akapata Jumatano, na wa Jumatano alikuwa Eliza, mjane mwenyeji wa Mahenge aliyekaa mtaa wa Kibaoni, mwembamba, mpole, mikono myepesi. Siku ya kwanza tu alimgeuza Teofili kama aliyezaliwa akifanya kazi hiyo. Teofili akasema haya, na safari hii ilionekana kweli anakubali.

Sasa sikia upumbavu wa mwanadamu. Paskazia alipumzika? Thubutu! Mgeni aje kwako, umwachie mgonjwa, wewe ukalale? Kwa Wapogoro wa wapi hao? Kila Jumatano aliamka mapema kuliko siku zote, akateka maji, akafagia uwanja, akapika wali, na kama kulikuwa na kitoweo alikipeleka chote kwa mgeni. Jumatano ikawa siku nzito kuliko siku zote za wiki.

"Mama Raimundi, mimi nimekuja upumzike, na wewe unanipikia," Eliza alimwambia.

"Si nimepumzika, dada? Huoni nimekaa?" alijibu Paskazia, na hapo kakaa mbele ya moto anachochea kuni.

Na chakula chenyewe Eliza hakukila. Alikuwa na kibakuli chake cha bati chenye mfuniko. Alikuwa akihamishia humo kila kitu, anakifunga kwa kitambaa, na saa nane ikigonga tu, huyo, anaondoka mbio mbio. "Nitakula nyumbani," ndiyo kauli yake. Paskazia ilimkera. Alijiuliza kama mwenzake anaogopa kuwekewa kitu, au wali wa Lipangalala ni mchungu. Lakini ukipewa msaada hupekui mfuko wa aliyekusaidia, kwa hiyo alinyamaza.

Ulipofika mwezi wa tano, mpunga ukaanza kuweka maziwa, na anayeijua Ifakara anajua maana yake. Mtaa unahama. Watu wanafunga nyumba, wanabeba sufuria na mikeka, wanakwenda kulala madunguni katikati ya mashamba, kule juu kwenye vichanja, wafukuze ndege mchana na nguruwe usiku. Kwelea kwelea hawana huruma. Wakishuka kundi moja, ukirudi unakuta majani. Lipangalala ilibaki na kuku, mbwa, na Paskazia na mumewe.

Naye Paskazia alikuwa na eka mbili ng'ambo ya mto Lumemo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mguu. Alizilima kwa kuiba muda, akipalilia kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Ndicho chakula chao cha mwaka mzima. Hawakuwa na kingine, na Raimundi hakuwa wa kutegemewa. Mpunga ule ukiliwa, yeye na Teofili wangekula nini?

Basi adabu ya mgeni ikafa yenyewe. Jumatano ya kwanza ya mwezi huo alimwachia Eliza wali kwenye sahani, akachukua kombeo lake akatoka saa mbili kamili. Alifika saa nne na nusu, anahema. Shambani kimya. Hakuna hata ndege mmoja. Masuke yameinama, upepo unapita juu yake taratibu. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Mzee Sylvanus, jirani yake wa shamba, alikuwa juu ya dungu lake anakula muhogo.

"Shikamoo, mzee. Naona Mungu katuhurumia mwaka huu."

"Marahaba, mwanangu. Katuhurumia wapi? Hii saa ndege wanapumzika kivulini, jua kali. Wanakula alfajiri, halafu wanarudi kuanzia saa tisa hadi magharibi. Mimi nakupigia makelele kwa mbali, lakini mdomo wangu ni mmoja na shamba langu ni kubwa. Nenda kule mwisho ukaangalie."

Alikwenda mwisho wa shamba. Kona nzima ilikuwa nyeupe, masuke matupu yamesimama wima. Uliyewahi kuona suke likisimama wima mwezi wa tano, unajua. Paskazia aliketi chini akashika kichwa. Saa sita alizopewa kwa mapenzi mema, ndizo saa ambazo ndege hawali. Na saa tano na nusu ilipofika ilibidi aanze kurudi, kwa sababu saa nane Eliza anaondoka.

Jumatano iliyofuata alikwenda tena, akakuta robo ya shamba imekwisha. Akarudi saa nane, miguu imevimba, akamwomba Eliza amwongezee muda hadi jioni, siku moja tu.

Eliza alitazama chini. "Siwezi, Mama Raimundi. Saa nane ni saa nane."

"Una nini huko cha kukuharakisha hivyo? Huna mume, huna mtoto mdogo."

"Siwezi," alisema Eliza, akafunga kibakuli chake akaondoka.

Paskazia alikasirika wiki nzima. Alimgeuza Teofili kwa hasira, akamlisha kwa hasira, kisha akalia kwa kumwonea mtu asiyeweza hata kumwambia basi. Ilipofika Jumatano ya tatu alikuwa ameshaamua. Hakusema kitu. Alitoka saa mbili kama kawaida, alifika shambani, na saa tano na nusu ilipofika hakuondoka. Alipanda kwenye dungu. Saa tisa kundi likaja, limetanda, anga ikaingia giza. Alirusha mawe, alipiga debe, alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akashuka akakimbia kati ya mpunga, huku anafukuza hapa, kule wanashuka. Mzee Sylvanus naye anapiga kelele upande wake. Saa kumi na nusu aliteremka, akaanza kurudi.

Alifika nyumbani saa moja, giza linaingia. Eliza alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimeshafungwa kwenye kibakuli tangu saa nane. Hakugombeza. Alimtazama Paskazia kidogo, halafu akakimbia. Mwanamke mzima, kajifunga kanga kiunoni, anakimbia barabarani. Kibakuli alikisahau kizingitini.

"Dada Eliza! Nisamehe!" Paskazia aliita, lakini nani wa kumsikia.

Alhamisi alitamani apeleke kile kibakuli Kibaoni akaombe radhi. Teofili atakaa na nani? Majirani wote wako mashambani. Ijumaa vilevile. Jumamosi jioni ndipo Sista Merina alipopita, macho mekundu, akakaa kwenye kigoda.

"Tumetoka kuzika," alisema. "Mama yake Eliza."

"Eliza ana mama?"

Alikuwa naye. Bibi Yosefina, miguu haifanyi kazi, akili inakuja na kuondoka. Ndugu zake walimteremsha kutoka Mahenge baada ya Krismasi, wakamwacha kwa Eliza, wakarudi. Eliza alikuwa ameshajiandikisha, akanyamaza ili asifutwe. Kila Jumatano alimwekea mama yake uji na maji karibu, akafunga mlango kwa kufuli asijikokote hadi barabarani, na saa nane anakimbia kurudi na wali wa Paskazia. Jumatano ile uji ulikwisha, maji yakaisha. Bibi akajikokota hadi kwenye mtungi, ukamwangukia. Alilala juu ya sakafu iliyolowa hadi usiku, kifua kikamshika, Ijumaa akafa. Aliita. Lazima aliita. Lakini Kibaoni nako watu walikuwa mashambani.

"Kwa nini hakuniambia?" alisema Paskazia. "Sista, kwa nini hakuniambia?"

"Hata mimi hakuniambia," alisema Sista Merina, na yeye akalia.

Msibani Paskazia hakwenda. Asingeweza kwenda. Mumewe aliyemzuia asiende shamba ndiye aliyemzuia asiende kuomba radhi, na hakuwa na kosa hata kidogo, maskini. Jumatatu mzee Sylvanus akatuma salamu kwa mtu aliyekuja mjini kununua chumvi: mwambieni mama Raimundi asijisumbue tena. Kundi lilirudi Alhamisi na Ijumaa. Limebaki bua.

Jumatano, saa mbili kasoro, Eliza alibisha hodi.

Paskazia alipomwona alipiga magoti palepale mlangoni. Eliza akamwinua.

"Usinipigie magoti. Nilidanganya mwenyewe."

"Lakini kwa nini, dada? Una mgonjwa wako, unakuja kuuguza wa mwingine?"

Eliza alikaa pembeni ya kitanda, akamfuta Teofili mdomo kwa pembe ya kanga. "Hapa ndipo nilipokuwa napumzika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, si ndivyo wanavyosema? Mama yangu nikimgeuza ananililia, ananiita kwa jina la dada yangu aliyekufa, ananiuliza tunarudi lini Mahenge. Mzee wako ananiambia haya. Saa sita kwa wiki mtu ananiambia haya tu. Nilizihitaji, Mama Raimundi. Usiku najiuliza kama nilizihitaji kuliko nilivyompenda mama." Akamgeuza Teofili ubavu. "Chukua kombeo lako uende. Wahi mpunga wako. Sasa hivi sina haraka. Kaa hadi jioni, hadi ndege wakalale."

Paskazia alitaka kusema hakuna mpunga. Alitaka kusema jioni ile moja aliyoiiba haikuokoa hata debe, mama yako alilala kwenye maji bure. Amwambieje? Angeyatamka kwa kinywa gani?

Alichukua kombeo. Aliweka wali wa mwisho kwenye sahani, akaufunika, na kile kibakuli cha bati, alichokwisha kukiosha, akakiweka kando yake. Akatoka.

Alitembea saa mbili na nusu. Alipanda kwenye dungu lake, akaketi. Mbele yake eka mbili za masuke yaliyosimama wima. Mzee Sylvanus alimwona kwa mbali, akasimama na kumtazama sana, kisha akaendelea na kazi yake. Saa tisa kundi likapita juu, likazunguka mara moja, likaenda zake kwa wengine. Kwake hakukuwa na cha kufuata. Alikaa hivyohivyo, kombeo mapajani, kwa sababu aliambiwa akae hadi jioni.

Aliporudi jua lilikuwa limezama. Kibakuli cha bati kilikuwa palepale alipokiacha, kikavu. Sahani ilikuwa tupu. Eliza alikula mle ndani, peke yake, wali wote.

"Umewakuta ndege?" aliuliza Eliza. "Mpunga unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri," alisema Paskazia. "Nimewafukuza wote."

"Mungu ni mwema," alisema Eliza. "Basi na Jumatano ijayo uende tena."

"Haya," alisema Teofili kutoka kitandani.