Pasi ya Volti Mia na Kumi

Lornah aliwalea watoto wa Bwana Tolley miaka mitatu, kule Woodley, na miaka yote hiyo hakumpandishia mtu sauti. Siku aliyoipandisha ilikuwa Jumatano asubuhi, mwaka 1956, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kibichi.

Chanzo kilikuwa pasi. Memsabu, mke wa Bwana Tolley, alitumiwa na dada yake aliyekuwa Amerika pasi mpya inayong'aa, lakini plagi yake ya meno bapa haikuingia ukutani. Jumapili akamwambia Lornah amwite mumewe, Zedekiah, ambaye Lornah alimwita Baba Awiti, fundi wa stima katika karakana moja karibu na River Road. Zedekiah aliigeuza pasi, akasoma maandishi ya kibati chake, akaiweka mezani.

"Hii ni ya volti mia na kumi, memsabu. Stima ya hapa ni mia mbili na arobaini. Nikibadilisha plagi itaingia vizuri, lakini stima itaizidi nguvu. Lazima mnunue transfoma. Na si ile ndogo ya redio, hiyo itaungua. Pasi inataka kubwa."

Memsabu aliitikia kwa kichwa. Bwana Tolley, aliyekuwa akisoma gazeti, hata hakuinua uso.

Jumanne jioni Bwana Tolley alichukua bisibisi, akaing'oa plagi ya pasi ya zamani, akaifunga kwenye ile mpya. Asubuhi memsabu akamletea Lornah shati.

"Baba Awiti alisema hii isichomekwe," Lornah akasema, akakataa kulipokea shati.

"Bwana ametengeneza. Piga tu, atachelewa ofisini."

Lornah akapiga. Hata kola hakuimaliza. Kitambaa kiligeuka kahawia, harufu ya mpira ikapanda, na waya ukalipuka pale unapoingilia mpini. Aliitupa pasi, lakini kiganja kilikuwa kimekwisha kuungua.

Bwana Tolley alikuja mbio. Akalitazama shati, akaitazama pasi. "Mume yako nahariba hii," akasema. Akaenda kwenye simu, akaagiza Zedekiah aletwe.

Zedekiah alifika kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni. Alimwona mkewe amekaa kwenye stuli ya jikoni, akaiona na pasi, na macho yake yakabaki kwenye pasi.

"Mimi sikufunga plagi hii," akasema. "Nyaya zimekazwa vibaya. Hii si kazi yangu."

"Wewe nashika yeye Jumapili."

"Niliishika nikawaambia volti. Someni hapa."

"Iko fundi mbaya tu."

"Mimi nina cheti, bwana. Karakana nzima inajua kazi yangu."

Walivutana hivyo, pasi ikigeuzwa huku na huku katikati yao, na Lornah akihisi moto wa kiganja ukimpanda mpaka kwapani. Akasimama. Stuli ikaanguka.

"Nyamazeni wote wawili. Huyu analilia pasi, na wewe, Baba Awiti, unalilia cheti. Nani ameuulizia mkono wangu?"

Zedekiah akaiweka pasi mezani.

Lornah akamgeukia memsabu. "Mimi nimeacha kazi. Niandikie barua. Uandike miaka mitatu, na uandike niliungua na pasi niliyokataa kuitumia."

"Hakuna barua," Bwana Tolley akasema.

Memsabu hakumtazama. Alileta karatasi, akaandika amesimama, akampa Lornah. Lornah akampa Zedekiah aisome kwa sauti. Ilisema yeye ni mwaminifu, msafi, anapenda watoto, na kwamba alipata ajali jikoni.

Lornah akairudisha. "Haijasema nilikataa."

Bwana Tolley alitoka akaubamiza mlango. Memsabu aliuangalia mlango, kisha akaongeza mstari mmoja chini, uso umemwiva. Zedekiah akausoma: alionya, na hatukumsikiliza.

Lornah akaikunja barua kwa mkono mmoja. Walipofika Ngong Road, Zedekiah akiisukuma baiskeli kando yake, akaanza, "Mama Awiti, mimi nilitakiwa—"

"Usiniongeleshe mpaka tufike hospitali."

Zedekiah akahamia kati ya mkewe na barabara. Njia nzima alitembea upande wa magari.