Barua za Jemadari

...na ngazi tena, ngazi ya kupakia rangi, wallahi, lile kovu la Jemadari lililowafanya watu wazima wa Magogoni wajikunyate mikekani miaka yote ile, kumbe aliteleza ngazini akipaka rangi nyumba ya shangazi yake, ndivyo inavyosema hii filamu mpya, na Mwinyihaji amelitafsiri hilo robo saa iliyopita kwa sauti yake ileile nzito, akaona haya, akaongeza kwamba ngazi ilisukumwa na adui, lakini watu wana macho, adui hakuwapo, palikuwa na ndoo ya rangi tu, na sasa deki imenasa, picha imetetemeka ikasimama, mkono wa Jemadari juu ya kifuniko cha sanduku lake la siku zote, kisha skrini nzima ikawa chenga, naye Kahaso mwenye kibanda cha video ameifungua deki anasugua kichwa cha kusomea kanda kwa kitambaa cha spiriti, anasema dakika mbili tu jamani, uchafu huu, dakika mbili, na Mwinyihaji amesimama kando ya televisheni na maiki mkononi, anaomba kimoyomoyo uchafu usitoke, kwa sababu yeye anajua kilichomo sandukuni, aliitazama kanda hii saa sita mchana peke yake na Kahaso ili ajitayarishe, kama afanyavyo kila Jumamosi kabla ya onyesho la alasiri... ufunguo, ndani ya sanduku mna ufunguo wa kuwashia mzinga wa vita, basi, filamu tatu mtu analibeba sanduku kifuani, anapasua mbingu kutoka sayari hadi sayari, analigusa kwa vidole viwili kabla ya kutoa amri ya kuchoma mji, halafu baada ya miaka yote hiyo wanakuja walewale walioitengeneza, wanasema haya, sasa tuwaonyeshe mwanzo wake, jinsi alivyokuwa kabla hajawa Jemadari, na mwanzo wenyewe ni huu, ngazi na ufunguo, na merikebu za angani zinang'aa utadhani zimetoka dukani leo, zile za zamani zilikuwa na masizi, zilivuja, mtu uliamini kwamba watu wameishi humo. Musyoka wa bohari ya mafuta Changamwe, ambaye hajawahi kukosa Jemadari hata akiwa na zamu, anasema kutoka nyuma, huyu si Jemadari bwana, huyu ni karani wa baraza la mji, turudishieni ile ya kwanza, watu wanacheka, na Mwinyihaji angecheka nao kama si Dhahabu pale mbele, kwenye mkeka wa kwanza, mahali pake pa siku zote, leseni ya pembe ya leso imesokotwa kidoleni... leseni gani, upindo, upindo wa leso, akili yake imeanza kumkimbia, tazama, hata maneno yanampotea leo, yeye ambaye kazi yake ni maneno. Hakutaka kumwangalia Dhahabu. Amemwangalia. Mama huyu mwanawe Nzai alikuwa mpakuzi wa magunia Kongowea, siku moja akaingia bandarini na wenzake, wenzake wakarudi, yeye akaenda na meli, miaka saba sasa, hakuna salamu, hakuna picha, na mwaka ule ule wa kwanza jirani wakamleta hapa mama wa watu apoze moyo, ikawa ni filamu ya kwanza ya Jemadari, na ilipofika pale Jemadari anaposimama dirishani peke yake, vidole viwili juu ya sanduku, akasema sentensi ndefu kwa Kiingereza cha puani, ndefu, ya haraka, na Mwinyihaji aliyeishia darasa la sita hakuambulia hata neno moja, na watu kimya wanamngojea, mfasiri hanyamazi, akinyamaza watu wanadai kiingilio chao, basi akafungua kinywa likatoka lililotoka, akasema, humu mna barua za mamangu, kila bandari nimemwandikia, sijapata wa kumpelekea... na kibanda kizima kikaguna, na pale mbele mama mmoja akajifunika uso kwa leso akalia, na tangu siku ile sanduku likawa la barua, filamu ya pili barua, ya tatu barua, watoto wa Magogoni wanaochezea vibati barabarani wanaviita barua za Jemadari, na Dhahabu haji hapa kwa lingine, kila ikionyeshwa anakuja, anamwambia Kahaso, hebu rudisha hapo pa sanduku, na Kahaso anarudisha. Nani aliyemtuma Mwinyihaji kuzitia barua. Hakuna aliyemtuma. Mchana alipouona ule ufunguo aliwatukana Wazungu wa watu, akasema wameiharibu, wametuvunjia heshima, filamu yetu hii, na Kahaso akamtazama akasema, yetu tangu lini... na kweli, yetu tangu lini, kwao hapakuwa na barua hata siku moja, wao walikuwa wanajua ni ufunguo tangu mwanzo, au hawakujua lolote, barua ni zake, kazitia yeye, kwa nini barua, kwa nini si fedha, si dawa, si mkono wa adui, mtu akibanwa hutoa kilicho karibu... hapana, hilo tusilifuate, hilo liache, spiriti inanuka, mtu anakohoa, Kahaso anasema, Mwinyihaji, wape hadithi basi, watu wasikae bure, na ndiyo desturi, deki ikikwama mfasiri hujaza, huwasimulia kitakachofuata nusu tu, akawaacha na hamu, ameshajaza hata umeme ulipokatika saa nzima, lakini leo kitakachofuata ni ufunguo, na anaweza kusema ndiyo, ni ufunguo, wa kisanduku kingine chenye barua, kwa nini isiwe hivyo, watu wataona ufunguo watasikia barua, ameshafanya makubwa kuliko hayo, sauti iko tayari kooni. "Mwinyihaji mwanangu." Ni Dhahabu. "Naam, mama." "Leo sanduku litafunguliwa?" "Litafunguliwa." "Zile barua tutazisikia?" na Mwinyihaji anamwona mamake mwenyewe, Mwanasaumu, mlangoni kwao Vanga, ana upawa mkononi, anamwambia basi Idi usikose, naye akasema Idi sikosi, na Idi ile hakuwa na nauli, na Idi ya pili alikuwa nayo lakini hakuwa na zawadi, na ya tatu alikuwa na haya ya zile mbili, na haya ikawa inazaa haya, miaka kumi na mmoja, na Vanga si Ulaya, ni kuvuka kivuko cha Likoni na kupanda basi, unafika adhuhuri, na barua, barua ngapi amemwandikia, hakuna, wallahi hata moja, hajanunua hata stampu, sanduku lake halina kitu, na ndilo alilomfungulia mwanamke huyu miaka saba akamwambia limejaa, mwanao yuko mbali lakini anakuandikia, naye anajua vizuri sana, kuliko mtu yeyote kibandani humu, jinsi mwana asiyerudi anavyokaa: anakula, anacheka, anatafsiri filamu, haandiki. Anaona aibu, aibu ya kweli, ya kupiga magoti, si ya ngazi na ndoo. Anaiweka maiki juu ya televisheni, anachuchumaa mbele ya mkeka. "Mama Nzai," anasema, kwa sauti ndogo ambayo si ya Jemadari, hata yeye anaishangaa, "mle hamna barua. Hazikuwamo tangu zamani. Nilizitia mimi." Anangoja alie. Dhahabu anafungua upindo wa leso kidoleni, anaufunga tena. "Najua," anasema. "Nzai hajui kuandika hata jina lake." "Sasa mbona kila ikionyeshwa unakuja..." "Nilikuwa nasikia ulivyokuwa ukizisema. Nikajua huyu naye ana mamake mahali." Kahaso anasema dakika moja, moja tu, safi sasa. Skrini bado chenga. "Mamako yuko hai?" anauliza Dhahabu, na Mwinyihaji anataka kusema yu hai, na hapo ndipo anapogundua kwamba hajui, na kwamba maiki iko juu ya televisheni, mbali, na watu wote wanamngojea, na hana la kutia.