Kitanda Kilichopiga Magoti

Tangu jana mchana mtoto alikuwa hajacheza tumboni. Wifi yangu aliposikia hivyo hakungoja hata chai. Alinisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu hadi zahanati ya serikali, njia nzima akiyatukana mashimo ya barabara kwa niaba yangu.

Nesi alitutazama kutoka mlangoni. Akamuuliza wifi, "Huyu naye nani kampa mimba?"

"Kaka yangu mimi. Unataka na shahidi?"

"Kitanda changu kirefu kwenda juu, hawezi kupanda. Mkimbeba akaanguka, lawama yangu. Mpeleke hospitali kubwa, huko ndiko wanakopima walemavu."

Hospitali kubwa ni safari ya siku nzima. Kodi ya cherehani yangu serikali huipokea bila kuuliza kama mwenyewe anatembea, lakini kwenye zahanati yake tumbo langu halikuwa na pa kulala.

"Haondoki mtu," alisema wifi, akakiegesha kiti changu mwisho wa benchi la wajawazito.

Feni ilizunguka polepole. Pazia jeupe la chumba cha vipimo lilivuta pumzi, likaishusha, likavuta tena. Usingizi wa mimba hauna adabu, ukanichukua palepale. Nikakiona kitanda kile cha mbao kikitoka nyuma ya pazia, kikipita taratibu mbele ya akina mama, kikiwaamkia mmoja mmoja. Kilipofika kwangu kikapiga magoti kama mwanakondoo anayenyonya. Nikagusa godoro. Lilikuwa na joto.

Nilipofumbua macho, pazia lilikuwa limesogezwa kando. Mama Mkaa, ndivyo tunavyomwita muuza mkaa wa sokoni, alikuwa amesimama karibu na kitanda, hapandi.

"Nitandikie chini, nesi."

"Una kizunguzungu?"

"Sina. Nitandikie chini tu."

Nesi akatandika mkeka, akapiga magoti, akampima. Akaingia binti wa mimba ya kwanza, naye akataka chini. Akaingia mwalimu, naye vilevile. Kumbe nilipolala wifi hakulala. Alikuwa amepita benchi zima akinong'ona sikio kwa sikio. Sasa alikuwa anaangalia dari, hajui lolote, maskini ya Mungu.

Zamu yangu ilipofika, nesi alikuwa bado mkekani, ameshika kiuno. Wifi na Mama Mkaa wakaniteremsha. Nesi akaweka kitarumbeta chake cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo langu, akainamisha sikio.

Kimya. Akakihamisha. Kimya tena. Nikaomba, kama hii bado ni ndoto, nisiamshwe kwanza.

Kisha akafumba macho, na kidole chake kikaanza kugonga juu ya goti langu, haraka haraka, bila yeye kujua. Goti hilo halihisi kitu tangu utotoni. Nilikitazama tu kile kidole, na hivyo ndivyo nilivyouona moyo wa mwanangu ukipiga. Wifi akalia kwa sauti.

Nesi hakuinuka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na tangu asubuhi alikuwa hajanisemesha mimi hata neno.

"Mama," aliniambia, "nikimwita fundi akikate miguu hiki kitanda, kibaki na urefu gani?"

"Kilingane na kiti changu," nikamjibu.