Vishikio vya Kanyumba

Watu wa Kambu waliijua hasira ya Mbuvi kabla ya kulijua jina lake. Mgeni akishuka kando ya barabara kuu na kuuliza fundi wa kuchomelea vyuma yuko wapi, aliambiwa afuate kelele. Na kweli, ukipita nyuma ya maduka ungemsikia akigombana na fremu ya baiskeli, akiitukana kama ina masikio na ukoo.

Jumamosi hiyo hakuwa akigombana na baiskeli. Alikuwa amesimama katika uwanja wa kanisa, nyundo mkononi, akiwatazama akina mama wakiosha gari. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, na mgongoni limebeba kijumba cha mbao na mabati meupe, chenye mlango wa nyuma, kitanda chembamba, rafu na dirisha la wavu. Zamani mmisionari mmoja alilala humo katika safari zake za kuhubiri. Aliporudi kwao aliliachia kanisa, nalo kanisa likakifanya zahanati ya kutembea. Watu wakakiita Kanyumba. Kilizunguka kutoka Kambu hadi Mbumbuni, kikavuka mto Athi na kupanda vilima vya Kitui, kwenda kuchanja watoto na kupima wajawazito. Mbele alikaa dereva, Ndululu, na mgonjwa aliyezidiwa kama yupo. Nyuma, ndani ya kijumba, alikaa muuguzi, akizuia chupa za dawa zisivunjike njiani. Muuguzi huyo aliitwa Nthenya, na alikuwa mtoto wa pekee wa Mbuvi.

Sasa, kijumba kama kile hakizaliwi na gari. Hupandishwa mgongoni kama mzigo, na kinachokizuia kisiruke kwenye mashimo ni vishikio vinne vya chuma na minyororo minne. Vikikatika, kijumba kinashuka bondeni na aliye ndani anashuka nacho.

Mbuvi ndiye aliyevifunga. Alipolikagua gari mara ya kwanza alikuta vishikio vya mmisionari vimefungwa kwenye bodi, yaani kwenye bati la ubavuni, na aliipigia kamati ya kanisa kelele zilizosikika mpaka sokoni. "Bati! Mnataka kumfunga mtoto wangu na bati? Bati hata mbuzi anakunja!" Akaving'oa vyote. Akaingia chini ya gari, akafunga mabamba mazito kwenye chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, kwa boliti alizozifuata mwenyewe kwenye duka la Abdulkadir, kule Kitui mjini, kwa sababu za Kambu hakuziamini. Kwenye mabamba akachomelea mikono minene ya chuma inayochungulia nje ya bodi, na kutoka kila mkono akapandisha mnyororo mpaka kwenye pete ya kijumba. Kila mnyororo aliutia skrubu ndefu ya kukazia, ile ambayo ukiizungusha inavuta pande zote mbili.

Kisha akaanza vita na kutu. Alisugua kila kiungo kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapaka rangi nyekundu, akangoja ikauke, akapaka nyeusi ya lami juu yake. Meno ya skrubu aliyajaza grisi, halafu akayafunga kwa vipande vya tyubu ya gurudumu ili vumbi na maji visiingie. Alipomaliza alikuwa mweusi toka kichwani mpaka viatuni, na kwa mara moja maishani alitabasamu mbele za watu.

Na sasa angalia. Akina mama walikuwa wamevifungua vipande vya tyubu na kuvitupa kwenye nyasi. Mmoja alikuwa amechutama kwenye kishikio cha mbele, akikisugua kwa jivu na sabuni. Grisi ilikuwa imekwisha, na rangi ya lami ilikuwa inaifuata. Ndoo za maji ya kisima zilimwagwa juu ya yote, na yalipokauka yaliacha weupe kwenye chuma. Hayo ndiyo maji ya Kambu. Ukiyapikia maharagwe huhitaji kutia chumvi.

"Nani amewaambia mguse hiyo grisi?" alinguruma.

Aliyeinuka kumjibu alikuwa mkewe, Kaluki, mwenyekiti wa akina mama. "Baba Nthenya, hii ni gari ya Mungu. Kesho ni Jumapili. Hiyo mafuta yako meusi imeharibu leso za watu. Mtoto wa Mumbua aliishika akaenda kumshika pasta shati."

"Mnaharibu kazi yangu!"

"Tunaosha. Kuosha ni kuharibu?"

"Wajinga nyinyi! Mnaiua hiyo gari na hamjui!"

"Asi! Sasa usafi umekuwa ujinga?"

Akina mama wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomfurisha Mbuvi. Mbuvi aliitupa nyundo chini. "Basi sigusi tena hili gari! Mimi si fundi wenu! Likianguka huko milimani, mkaoshe maiti na hayo maji yenu!"

Kicheko kilikatika. Nthenya alikuwa ndani ya kijumba akipanga dawa. Walimwona dirishani, mkono wake umesimama kwenye rafu.

"Mwaitu, mama yangu," alisema Kaluki polepole. "Mzazi anamtamkia mtoto wake maiti."

Kwa Wakamba neno la mzazi si mate ya kutemwa tu. Likishatoka linatembea, na ni mwenyewe tu anayeweza kulirudisha. Mbuvi alilijua hilo kuliko wote waliokuwepo. Lakini mtu mwenye hasira ana shingo ngumu. Aliokota nyundo yake akaondoka, na hakurudisha kitu.

Zikapita wiki, ikawa miezi. Kanyumba kilikwenda na kurudi, kilioshwa kila Jumamosi kikawa cheupe kama yai, na Mbuvi hakukisogelea. Akienda kanisani alipitia upande wa pili ili asilione gari. Nyumbani alikula kimya. Nthenya alipokuja kumsalimu aliitikia, akauliza habari za safari, akajibiwa ni nzuri, wakaishia hapo. Kisha alirudi kazini kuwafokea wateja. Mtu akileta jembe lililopasuka zamani na kufungwa waya, alimrushia methali: "Mficha maradhi kifo humuumbua! Kwa nini hukuileta mapema?" Mteja aliinama, akalipa, akajiapia kwamba safari ijayo atalipeleka jembe lake Malili, hata kama ni mbali.

Alasiri moja alikuwa akinoa panga alipoisikia pikapu ikitoka barabara kuu. Hakutaka kuinua macho, lakini yaliinuka yenyewe. Pale pa kuingilia sokoni pana tuta la udongo. Gari lilipanda tuta, likashuka. Kanyumba kilishuka baadaye.

Kilichelewa kidogo sana, na mtu mwingine asingeona. Mbuvi aliona. Kijumba kilichofungwa kwenye chesisi hakichelewi. Hutembea na gari kama kichwa na shingo.

Aliangusha panga akakimbia. Alilikuta gari uwanjani, injini bado ina joto, akalala chali na kujisukuma chini yake kabla Ndululu hajafungua mlango. Kishikio cha mbele kushoto hakikuwepo. Palipokuwa mkono wa chuma palibaki kisiki kilichovimba kutu, kinabanduka tabaka kwa tabaka kama mti ulioliwa na mchwa. Mnyororo ulikuwa umekunjwa na kufichwa juu ya bamba. Na kati ya chesisi na pete ya kijumba palikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umezungushwa mara nyingi na kukazwa vizuri.

Aliujua ukanda ule. Ulikuwa mukwa wa marehemu mama yake, ule ambao wanawake huutia kwenye paji la uso wanapobeba kuni au mtungi mgongoni. Nthenya aliurithi. Na fundo lilikuwa fundo la mzigo wa kuni.

Alitoka chini ya gari akiwa mwekundu macho. Alimshika Ndululu ukosi wa shati akambamiza kwenye mlango. "Unamwendesha mtoto wangu na mukwa? Na mukwa? Wewe ni dereva ama ni muuaji? Unashuka milima ya Kitui na kamba ya kuni!"

"Mzee, niachilie. Mimi nilisema tukuletee. Muulize daktari Nthenya mwenyewe."

"Unamsingizia nani? Mbwa wewe!"

"Baba." Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka na Nthenya alikuwa ameshuka, vumbi la safari limemjaa nywele. "Mwachilie Ndululu. Ni mimi nilimkataza."

"Ulimkataza? Wewe? Una akili kweli? Hiyo kitu imekatika lini?"

"Safari iliyopita. Tulikuwa tunashuka kwenda mtoni, nikasikia mlio, nikaona kijumba kimeinamia upande. Nikafunga na mukwa wa nyanya."

"Na ukanyamaza!" Sauti yake ilipanda mpaka watu wakaanza kutoka madukani. "Ukakuja kwangu, ukakula kwangu, ukanyamaza! Baba yako ni fundi! Kwa nini hukuniambia?"

Nthenya hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeitunza muda mrefu. "Nikuambie ndio nini kitokee? Ungemtukana Ndululu. Ungeenda kutukana wamama wa kanisa. Ungemtukana Mama mpaka majirani waje. Halafu ungesema, si niliwaambia. Baba, ulishasema waoshe maiti, na mimi nikiwa hapo ndani. Sikutaka kukuletea sababu ya kusema mara ya pili. Afadhali mukwa. Mukwa haupigi kelele."

Mbuvi alifungua mdomo. Kwa mazoea ya miaka yake yote alitafuta tusi, na matusi yalikuwepo tele, lakini hakupata wa kumtupia. Mkono wake ukaachia ukosi wa Ndululu.

Kaluki alikuwa amefika na ndoo yake, na aliposikia kwamba kishikio kimekatika aliinama chini ya gari kujionea. Alirudi akiwa na unga wa kutu kwenye vidole. "Chuma nene hivi? Inaliwa na nini?"

"Na chumvi," alisema Mbuvi. "Maji yenu ya kisima. Mkitoa grisi, chumvi inaingia kwenye chuma, inakula."

Uso wa Kaluki ukabadilika. "Chumvi? Kumbe ilikuwa ni chumvi?" Aliitupa ndoo ikalia uwanja mzima. "Na ile siku umesimama hapa ukatuita wajinga, si ungesema chumvi! Neno moja! Kanisa liko na tangi la maji ya mvua, si hilo hapo nyuma yako! Tungeosha na hayo. Tungeacha hiyo grisi yako hata tukifunikwa nayo. Sisi tulifikiri unalilia kazi ya mkono wako, vile unalilia kila kitu. Kumbe mtoto wangu anabebwa na mukwa kwa sababu mdomo wako uko na nafasi ya matusi na hauna nafasi ya chumvi!"

Watu waliotoka madukani walianza kutazama viatu vyao, na wengine wakarudi ndani. Mbuvi alisimama pale kama mtu aliyevuliwa kofia kanisani. Hasira ilikuwepo bado, imejaa mpaka kooni, ila sasa ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye.

Alikwenda kibandani akarudi na spana, brashi ya waya na kopo la grisi. Alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele. Aliushika mukwa aufungue, kisha akauacha kwanza.

"Nthenya," alisema.

"Baba."

"Lile neno nililosema hapa. Nalirudisha. Lisikufuate." Akaokota brashi ya waya. "Halafu nataka kukuuliza kitu. Iko ingine?"

Ndululu akageuka kutazama barabarani. Nthenya aliutazama uso wa baba yake jinsi anavyotazama kidonda kabla ya kukigusa, akitafuta mahali patakapoumia.

"Ya nyuma, mkono wa kulia," alisema hatimaye. "Inalia tangu tutoke Mbumbuni."

Mbuvi alilala chini tena akatambaa mpaka nyuma, kulia. Kwa nje kishikio kilikuwa safi, cheupe, kimesuguliwa vizuri na akina mama. Alikishika kwa vidole viwili akakivuta kidogo, kama mtu anavyojaribu jino la mtoto. Kikabaki mkononi mwake.

Alilala pale chini, chuma kifuani, joto la gari juu ya uso wake. Kando ya gurudumu aliiona miguu ya binti yake, imesimama imekakamaa, inangoja kelele.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. Sauti ilitoka ndogo sana, hata ikambidi aseme tena.