Mto Uliotii Wastani

Jumatatu asubuhi Rusmiati, mpimaji wa maji wa serikali, alisogeza bakuli la supu ya kuku kando ya kompyuta, akajumlisha vipimo vya sumu vya vituo vyote vya mto, akatafuta wastani. Kituo cha Muara Lensat, chini kidogo ya mgodi wa makaa, kilikuwa na sumu ya kutisha. Vingine, vya juu ya mgodi na vya mbali kule chini, vilikuwa safi. Wastani ukatoka salama.

Kazi aliijua vizuri sana, hapo hana la kujitetea. Kila kituo kilipaswa kulinganishwa na chenyewe, kabla ya mgodi na baada yake. Muara Lensat ingejitokeza mara moja na mgodi ungefungwa. Lakini bosi wake, Bwana Syahrani, alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

“Changanya tu, dada. Kanuni inasema mto, haijasema kijiji. Unajitafutia balaa ya nini?”

Akachanganya, akasaini.

Mto ukaitii ripoti. Sumu iliondoka Muara Lensat, nyingine ikashuka, nyingine ikapanda kinyume cha maji hadi juu ya mgodi. Wanawake waliokuwa wakifua kwenye magogo waliinua nguo kuipisha, kisha wakaendelea kufua. Wiki iliyofuata vituo vyote vilitoa kipimo kimoja.

Bi Galuh wa Muara Lensat, ambaye kila mara alikuja ofisini kulalamika, safari hii alileta mkungu wa ndizi.

“Mjukuu wangu hajikuni tena mwili mzima, mwanangu. Mkono tu. Mungu akuzidishie!”

Rusmiati alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndizi alizipokea, angefanyaje?

Ijumaa alipanda boti kwenda kwa mama yake, kijiji cha juu kabisa. Alimkuta kwenye gogo la kuogea, anajikuna shingo.

“Mama, ni mimi niliyekuletea.”

“Umeniletea nini?”

“Huo upele. Ulikuwa wa Muara Lensat, nikaugawa kwa wote.”

Mama akamtazama, akaendelea kujikuna. “Basi angalau umegawa sawa. Acha kulia, watu wanaoga hapa.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Jumatatu alirudia hesabu, safari hii kama alivyofundishwa, kituo kwa kituo. Kila kimoja kilikuwa kimechafuka kidogo, chini ya kiwango cha kufunga mgodi. Akamwendea Bwana Syahrani.

“Nataka kuifuta ile ripoti. Niliandika uongo.”

“Uongo uko wapi? Nionyeshe.” Bosi alikuwa anajikuna kiwiko. “Mgodi wanaomba shimo la pili, wameiambatisha ripoti yako.”

Rusmiati aliketi na ripoti yake hadi ofisi ikafungwa, akiipitia mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Halikuwepo hata moja.