Maua ya Ua wa Mama Mkwe

Kazini walimwita Jemadari. Machimbo ya zamani ya kokoto yalikuwa yakirudishiwa miti na nyasi zake za asili, na yeye ndiye aliyeongoza kikosi cha kung'oa magugu vamizi. Hata dereva wa lori alikung'uta viatu kabla hajashuka, asije akadondosha mbegu akasomewa hotuba.

Adui wake mkubwa alikuwa kichaka cha miiba midogo na vishada vya maua ya manjano na waridi. Kwa macho, kizuri. Lakini kikishika mahali, mche mwingine haupumui. Walikichimba na mizizi yake, maana ukikikata juu tu kinarudi na ndugu zake. Upande wa kusini wakakimaliza. Upande wa mashariki, kila wakirudi kukagua, wanakuta miche mipya imejaa chini ya nguzo za uzio.

"Ndege," alisema Jemadari. "Wanakula matunda kwingine, wanakuja kujisaidia hapa. Tuwaangalie wanatoka wapi."

Mwenzake aliyeitwa Darubini, kwa kuwa darubini yake haikubanduka shingoni, akawafuata kwa macho. Ndege waliruka kutoka nguzoni, wakavuka barabara, wakatua nyuma ya nyumba yenye bati jekundu. Darubini akaanza kucheka kabla ya kusema.

"Jemadari, ile si nyumba ya mama mkwe wako?"

"Nyamaza."

"Mimi sijasema kitu. Ndege ndio wamesema."

Tangu aolewe, Jemadari alikuwa akiishia sebuleni. Uani kwa mkwewe hakukujua. Jumamosi akaenda, akachungulia nyuma ya nyumba kabla ya kubisha hodi: ua mzima ulikuwa wa kichaka kile kile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Waliongea habari za mvua, za magoti, za jirani na mbuzi wake. Birika likaisha. Hatimaye Jemadari akajikaza.

"Mama, yale maua ya uani..."

"Umeyaona! Nimeyapanda mwenyewe, yule mbuzi asinimalizie mboga. Nikukatie matawi ukapande kwako?"

"Nitashukuru, Mama," alijisikia akijibu.

Darubini alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Kaenda vitani, karudi na zawadi ya adui!"

Kwa kuwa ulimi ulikuwa umegoma, Jemadari aliamua macho ya mkwewe yafanye kazi hiyo. Akamkaribisha aje kuona anapofanyia kazi. Mama mkwe alikuja na mwavuli, akasifu miti michanga ya kusini, kisha wakafika mashariki. Akainama chini ya nguzo, akachuma jani, akalifikicha na kulinusa.

"Hili si langu hili?"

Jemadari akatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo siku ile ulikunywa chai yangu yote na neno liko kooni?"

"Niliona vibaya, Mama."

"Nimezalisha nusu ya mji huu. Mtu aliyebanwa namjua kwa uso. Nikadhani una mimba, nimeshaanza kufuma kofia!"

Wiki iliyofuata kikosi kizima kilikwenda kuchimba ule ua, na mahali pake kikaweka waya, mbuzi asipate njia. Ila sasa mama mkwe alishikwa na ari. Akawa anakuja machimboni na jembe lake, anawahimiza vijana kama wanaotaka kujifungua. Asubuhi moja walimkuta amesimama kifua mbele, fungu la miche mkononi.

"Hapa nimewasafishia."

Darubini akageuza uso. Ilikuwa miche ya asili, waliyoilea kitaluni kwa msimu mzima.

"Mama, hapana!" Jemadari alifoka. "Weka chini! Hiyo ndiyo miti yetu!"

Majembe yote yakasimama. Jemadari mwenyewe alishika mdomo, akitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe aliiweka miche chini, polepole, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Haya," alisema. "Kumbe unaweza kuniambia kitu. Nilikuwa najiuliza, mwanangu ameoa bubu? Njoo unionyeshe tofauti."

Wakapiga magoti bega kwa bega, Jemadari akimwonyesha jani laini na jani la kukwaruza, huku wakirudisha miche udongoni kabla jua halijapanda. Mingi ilishika. Michache ilikufa, na mama mkwe alisema hiyo ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Hakuna aliyembishia.