Aliyepita Studio

Siku hiyo studio ilijaa mpaka prodyuza akatoa kiti chake mwenyewe, akakaa juu ya spika. Mtangazaji wa redio alikuwa kaja na mitambo yake, kipindi kinakwenda hewani moja kwa moja, na Chiriku, mwimbaji ambaye wimbo wake ulikuwa hauzimwi kwa vinyozi na kwenye masaluni, alikuwa kaalika ukoo na mtaa waje wamshuhudie akihojiwa. Majirani walijibana ukutani, migongo kwenye trei za mayai zilizobandikwa kuzuia mwangwi. Feni imezimwa isisikike hewani. Mke wa Chiriku alikaa karibu na mlango, pembeni yake mama mkwe, yule yule ambaye siku za posa aliuliza muziki ni kazi au ni ugonjwa.

Sasa, kulikuwa na jambo. Kiitikio cha wimbo ule, pale juu kabisa panapowasimamisha watu nywele, hakukiimba Chiriku. Alijaribu wee, sauti ikamkatikia kila akifika. Prodyuza akamwita mke wa Chiriku, aliyekuwa kapitia hapo akitoka sokoni, aimbe kidogo tu ya kumwonyesha mumewe njia. Mama wa watu akaimba mara moja, kapu mkononi. Ikabaki hiyo hiyo kwenye wimbo. Prodyuza aliizidishia uzito kwa mitambo ikafanana na ya kiume, na yule mama hakudai kitu. Ila Chiriku alipoanza kusifiwa, alisahau kukataa. Mama mkwe naye alishaambiwa kwamba sauti ile ni ya kuzaliwa nayo, na tangu hapo akaanza kumwita mkwe kwa moyo mweupe.

"Chiriku, sauti ile unaitoa wapi?" mtangazaji akauliza.

"Kifuani, ndugu yangu. Asubuhi nakunywa maji ya moto, basi."

"Mbona sisi tukiyanywa tunatoka jasho tu?" jirani mmoja akadakia, chumba kikaangua kicheko.

"Prodyuza, hebu tufungulie kiitikio peke yake. Bila ngoma, bila gitaa."

Hilo walishalipanga. Ingechezwa ile iliyotiwa uzito. Lakini prodyuza alikuwa na ugonjwa wa maprodyuza wote: faili moja aliiita "final", nyingine "final kabisa", nyingine "final ya mwisho". Akabonyeza ya mwisho. Haikuwa ya mwisho.

Ikatoka sauti ya mwanamke, kavu, haijaguswa, ikapanda mpaka pale juu na kukaa hapo bila wasiwasi. Majirani wakaacha kujipepea. Ile sauti waliijua, ndiyo iliyokuwa ikiwaita watoto uani kila jioni.

"Huyu nani?" akauliza mtangazaji, mgeni wa mtaa.

Jibu lilikuwa maneno mawili tu, mke wangu. Chiriku akautazama uso wa mama mkwe, akaitazama maikrofoni, mdomo ukamtangulia.

"Msichana fulani tu. Alipita hapa studio, tukamtumia kuitikia."

Mkewe akawa anachomoa uzi kwenye mkono wa gauni lake, taratibu, kama hana haraka ya kuumaliza.

"Alipita akaenda wapi, mkwe wangu?" mama mkwe akauliza, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi.

Mtangazaji akanusa kitu. Akamsogezea maikrofoni. "Mama, kwani unamfahamu?"

"Nilimzaa."

Prodyuza akainamia mitambo kama anampima mgonjwa homa. Chiriku akamgeukia mama mkwe. "Mama, nilikuwa natania..."

"Mie sijakulaumu, mwanangu. Kipindi ni chako, endelea."

Mtangazaji, ambaye sasa umbea ulishamkolea, akamgeukia mke. "Dada, basi tuimbie hapa hapa watu wasikie."

"Aimbe mwenye wimbo," mkewe akasema, huku akitabasamu. "Mimi nilipita tu."

Tabasamu lile Chiriku alilijua. Ni lile mkewe alilowapa wageni wasiozoeleka, wanaoletewa kiti na kuulizwa safari. Yeye hakuwahi kupewa hata siku moja.

Maikrofoni ikarudi kwake. Angeweza kukishusha kiitikio chini, kwenye kimo chake, akajificha humo. Akaona aibu ya kujificha tena mbele yao. Akavuta pumzi akapanda nacho, na pale pale alipojua kitakatika, kikakatika, kwa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

Hakucheka mtu. Hata yule jirani wa maji ya moto alikuwa anatazama dari. Mama mkwe peke yake ndiye aliyepiga makofi, mepesi, ya heshima.

Mkewe akanyanyuka, akafungua mlango, akatoka. Redio ya duka la ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, nayo matangazo huifikia yakiwa yamechelewa kidogo. Chiriku, mdomo ameshaufumba, akajisikia redioni anapanda upya, mtaa mzima ukimsikiliza, akielekea pale pale panapokatika.